Gari Lililokubali Kufunguliwa

Kwenye gereji za kando ya barabara huko Kongo, sehemu ya mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, siku hizi gari hufika na taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, na makanika hasemi tena, "Hebu liwashe nilisikie." Anachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, anatazama simu yake, na pale hujitokeza herufi moja na tarakimu nne. Hizo ndizo zitakazoamua spea gani inunuliwe. Mambo ni yale yale Kibera, kuanzia Makina hadi Laini Saba, popote palipo na jeki, gunia la spana na kivuli cha bati. Sina ugomvi na kifaa chenyewe. Nina ugomvi na maneno yanayoandamana nacho, yanayorudiwa na wauzaji na wenye magari: kwamba fundi wa mtaani amepitwa na wakati, na kwamba sifa ya magari ya Kijerumani hapa kwetu iliharibiwa na mikono yake. Ninavyoona mimi, sifa hiyo, hasa ya Volkswagen, ilijengwa na mikono hiyo hiyo, kwa sababu gari lilikuwa limeundwa likubali kufunguliwa. Lilipoanza kufungwa, ndipo sifa nayo ilipoanza kuchakaa.

Jina lenyewe lilifika kwa njia ya kushangaza. Kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg, Ujerumani, kilizaliwa katika uovu, na hilo halipambiki. Hitler aliwaahidi Wajerumani gari la bei nafuu; watu wapatao 336,000 wakaweka akiba ya stempu ili walipate, na stempu zile hazikumpa hata mmoja wao gari. Vita vilipokuja, kiwanda kikaendeshwa kwa jasho la maelfu ya watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Mwaka 1945 kikaangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza. Meja Ivan Hirst akakifufua, jeshi likaagiza magari 20,000, na wakubwa wa viwanda vya magari vya Uingereza walipokitazama kigari chenyewe wakakidharau: nani atanunua kitu cha umbo hili, chenye kelele hizi? Mwaka 1953 koloni la Uingereza la Kenya likaandaa mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jina linaloongoza orodha ya washindi ni la Alan Dix, akiwa na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha wakarudia. Mwaka 1957 ikawa zamu ya Gus Hofmann na Arthur Burton, na 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Katikati ya hao yalikuwamo magari mengine ya Kijerumani: DKW mwaka 1956, na Mercedes-Benz miaka mitatu mfululizo kuanzia 1959. Jambo la kukumbuka ni kwamba mbio za miaka ile zilikuwa za magari ya dukani. Gari lililotoka kwenye tope mwishoni mwa mbio lilikuwa ndugu wa tumbo moja na lile lililosimama nyuma ya kioo mjini likisubiri mnunuzi.

Wanaoandika historia za viwanda huupeleka ushindi huo wote Wolfsburg. Mimi naupeleka nusu tu. Ni kweli wahandisi waliweka injini nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na ndiyo maana kigari kile, Beetle, kilishika tope pale magari makubwa yalipozunguka magurudumu bure. Ni kweli sakafu yake ilikuwa bapa, isiyo na vyuma vya kunasa mawe, na injini ilipozwa kwa hewa, bila rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka. Lakini ukiyatazama maamuzi hayo kwa jicho la makanika, utaona yote yanampendelea yeye. Injini ilishikwa kwenye gia kwa bolti nne. Mafundi wawili, jeki moja na ubao wa kuegemeza waliweza kuiteremsha chini nzima, wakafanya kazi yao, wakairudisha bila winchi. Hakuna kilichofichwa nyuma ya kingine. Bisibisi, spana namba 13 na namba 17, na sehemu kubwa ya gari ilikuwa wazi mbele ya macho. Mbunifu, kwa kutaka gari rahisi, alikuwa ameacha nafasi ya mkono wa mtu ambaye hatamjua kamwe.

Chukua kazi ya kuseti valvu. Injini ile haikuruhusu kusetiwa ikiwa na joto; ilitakiwa iwe baridi kabisa, na kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa asubuhi na mapema, gari likiwa limelala usiku kucha palepale gereji. Nafasi inayotakiwa ni kama moja ya kumi ya milimita katika injini za zamani, kidogo zaidi ya hapo katika zile za baadaye. Fundi hupitisha bamba jembamba la chuma kati ya vyuma viwili na kulivuta. Likipita bila kugusa, ni wazi mno. Likikwama, ni finyu mno. Linatakiwa lishikwe kidogo, kisha liachie. Kiasi hicho cha "kidogo" hakiandikiki kwenye kitabu chochote, hata John Muir, Mmarekani aliyeandika mwaka 1969 kitabu maarufu cha kumfundisha mtu wa kawaida kuitunza Volkswagen yake, alilazimika kumwachia msomaji vidole vyake mwenyewe. Mwenye gari alipenda injini nyamavu na mara nyingi aliomba valvu zikazwe zaidi. Fundi mzuri alikataa. Alijua kwamba valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, haipumziki kwenye kiti chake, na mwishowe huungua, na kwamba kelele kidogo asubuhi ni bei ndogo ya injini itakayofika Kisumu na kurudi.

Halafu kuna silinda ya tatu. Katika injini za Beetle kwa miaka mingi, kipoza mafuta kilisimama ndani ya njia ya hewa ya feni, na silinda iliyokuwa nyuma yake, ya tatu, ikapata hewa kidogo, tena yenye joto. Wolfsburg walilijua hilo. Waliichelewesha kidogo cheche ya silinda hiyo ili isipate moto kupita kiasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakakihamisha kipoza chenyewe. Hata hivyo, fundi aliyekwisha kufungua injini za kutosha hakuhitaji waraka kutoka Ujerumani. Valvu zilizoungua zilimwambia, moja baada ya nyingine, zote zikitoka upande ule ule. Sioni kwa nini maarifa ya namna hiyo yasiitwe elimu. Yana ushahidi, yanarudiwa, yanatabiri. Yanakosa kitu kimoja tu, cheti.

Vivyo hivyo kabureta. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na gari lililosetiwa kwa ajili ya pwani hunywa petroli kupita kiasi likipanda huku. Fundi wa kabureta aliisoma hali hiyo kwenye ncha ya plagi. Masizi meusi yalimaanisha petroli nyingi. Weupe wa jivu ulimaanisha petroli kidogo na hatari ya kuunguza. Rangi ya kahawia hafifu ilimaanisha gari limekubali mahali lilipo. Kulikuwa na mambo mengine madogo yaliyomzoesha dereva mwenyewe kulielewa gari lake. Beetle za kabla ya miaka ya 1960 hazikuwa na geji ya petroli. Petroli ilipokwisha, injini ilikohoa, dereva akaisukuma kwa mguu valvu ndogo iliyokuwa sakafuni, na akiba ya lita chache ikamfikisha kituoni. Na baadaye maji ya kuoshea kioo yalisukumwa na upepo wa tairi la spea! Mtu anaweza kucheka, lakini hakuna pampu ya umeme iliyowahi kuungua kwa mpango huo.

Swali la haki ni hili: gari lilikuwa la nani? Katika miaka ya ushindi huo, Volkswagen ilikuwa ya mlowezi, ya karani mkubwa, ya daktari, ya padri. Mkazi wa Kibera au Kawangware alitembea kwa miguu kwenda kazini, na wengi bado wanatembea. Je, si upotovu kuimba sifa za gari ambalo mtaa haukulimiliki? Nalikubali swali hili, na nadhani linaitia hoja yangu nguvu. Mtaa haukumiliki gari, lakini ulipata kumiliki ujuzi wake. Kwanza ujuzi ulikuwa mikononi mwa mafundi wa Kihindi, Makalasinga wengi wao, waliokuwa na gereji upande wa Barabara ya Grogan, ambayo leo ni Kirinyaga. Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu mbio zile zilizokuja kuitwa Safari Rally, mwanzo wake ulikuwa gereji na kuwasaidia madereva waliokwama barabarani. Kijana wa Kiafrika aliingia gereji hizo akiwa spana boi. Kazi yake ilikuwa kuitikia: leta 13, leta 17, shika hapa. Hakufundishwa, ila aliona. Baada ya miaka alitoka na kufungua pake chini ya mti, na elimu ikashuka kutoka Grogan hadi mitaani bila ada na bila darasa. Ujerumani, fundi wa magari husomea kazi miaka mitatu na nusu, akigawanya muda kati ya gereji na shule, na mwisho anapata hati inayoheshimiwa. Kwetu spana boi alipata mengi ya yale ya gereji, na serikali ilimtambua kwa kuchelewa. Ilikuwa 1985 ndipo Rais Moi alipowatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji na kuahidi kuwajengea vibanda.

Sasa tuje kwenye kufungwa. Mwaka 1974 Golf ilianza kuchukua nafasi ya Beetle: injini mbele, maji ya kupoza, gari bora kwa kila kipimo cha barabara ya lami. Beetle yenyewe iliendelea kuundwa Mexico hadi Julai 2003, ikafikisha magari 21,529,464. Mtu atanikumbusha, na atakuwa na haki, kwamba kigari kile kilikuwa na tangi la petroli mbele ya magoti ya dereva, kwamba magurudumu ya nyuma yaliweza kukunjika kwenye kona kali, na kwamba moshi wake haukuwa wa kusifiwa. Simtakii mtu yeyote ajali ndani ya Beetle. Usalama na hewa safi vilihitaji vihisio, breki zenye akili, na kompyuta ya kuratibu vyote. Lakini hakuna sheria ya fizikia inayosema kompyuta hiyo lazima ikatae spea ya mtumba. Katika magari ya karibuni ya Volkswagen na Audi, vifaa kadhaa vya umeme vimefungwa kwa namba ya gari moja. Ukihamishia kimojawapo gari jingine, hakifanyi kazi ipasavyo mpaka mtambo wa kampuni, kupitia mtandao, ukiruhusu. Kifaa kizima, kilichotolewa kwenye gari lililogongwa na kuuzwa kihalali Kirinyaga Road, kinakuwa chuma cha kupima kwa kilo. Hiyo haihusiani na breki wala hewa. Ni uamuzi wa biashara.

Ushahidi wangu mzito zaidi hautoki Nairobi. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu iliyotambua kuwa yamo kwenye kipimo, ikapunguza sumu ya moshi kwa muda wa kipimo tu, kisha ikaiachia barabarani. Magari yaliyohusika duniani yalikuwa kama milioni 11. Vituo vya ukaguzi vilivyojaa mitambo ya bei ghali vilikuwa vimeyapitisha. Waliogundua kasoro walikuwa watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vyombo vyao nyuma ya magari na kuyaendesha kwenye barabara halisi za California, wakashangaa mbona moshi wa barabarani haufanani na wa maabara. Walifanya alichokuwa akifanya makanika wa zamani: hawakuliuliza gari linasema nini juu yake lenyewe, walilitazama likifanya kazi. Beetle ya zamani haikuwa na uwezo wa kudanganya kwa namna ile. Plagi yenye masizi ilikuwa na masizi mbele ya kila mtu. Uongo uliofichuliwa 2015 ulihitaji sanduku lisilofunguliwa na mtu wa nje, na sanduku hilo kampuni ilikuwa imekwisha kuzoea kulijenga.

Mchumi ataniambia kwamba naitafuta sababu mbali wakati iko karibu: Volkswagen ilishindwa Kenya kwa sababu Toyota iliyotumika ya Japani ni rahisi na spea zake ziko kila kona. Ni kweli kabisa. Kenya inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, Japani inaendesha upande wetu wa barabara, na hesabu ikaishia hapo. Lakini wingi wa spea haukushuka kutoka mbinguni. Probox na Corolla zilipendwa na mafundi kwa sababu ziliruhusu kubahatisha kwa gharama ndogo: spea ya mwaka huu inakaa kwenye gari la mwaka ule, na fundi akikosea, kosa halimfilisi mwenye gari. Wajapani walirithi kiti alichokiacha Mjerumani mwenyewe. Upande wa pili, zile gia za otomatiki za DSG zenye klachi kavu, ambazo kwa sababu yake kampuni ililazimika kuyaita magari kwa mamia ya maelfu huko China mwaka 2013 ili zirekebishwe, zilifika Nairobi ndani ya Golf na Passat za mtumba pasipo mtu wa kuzifungua kwa ujasiri. Leo mnunuzi anayeuliza kuhusu Volkswagen ya mtumba huambiwa jambo moja kabla ya yote: gari zuri, lakini ole wako gia ikianza.

Nisije nikamfanya fundi wa mtaani malaika. Wapo wanaoharibu, wapo wanaobadilisha kifaa kizuri na kukificha, na zipo spea bandia za kumtia mtu kaburini. Ila kuna aina mpya ya uzembe ambayo mashine ya kusoma makosa imeilea. Tarakimu zikisema kihisio cha hewa ni kibovu, kinabadilishwa kihisio. Taa ikirudi, kinabadilishwa kingine. Mwenye gari analipa mara tatu, na huenda tatizo lilikuwa mpira wenye ufa unaovuta hewa, ambao sikio la dakika moja lingeukamata. Huyu ni fundi wa kubadilisha, hatengenezi. Na gereji za vioo na sakafu ya vigae hazijaokoka na ugonjwa huu. Tofauti ni kwamba huko ankara imechapwa vizuri.

Desemba 2016 Volkswagen ilirudi Thika, kwenye kiwanda kilichojulikana zamani kama Leyland Kenya, na Rais Uhuru Kenyatta akazindua uunganishaji wa Polo Vivo zilizoletwa kwa vipande kutoka Afrika Kusini. Palizungumzwa ajira na kujivunia gari lililounganishwa nyumbani. Serikali inapotoa nafuu ya kodi kwa mradi wa namna hiyo, ina nafasi ya kudai zaidi ya ajira za kufunga bolti. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji magari kuziuzia gereji huru taarifa zile zile wanazowapa mawakala wao, na 2020 wakaiongeza ifike kwenye taarifa zinazorushwa hewani. Kampuni itajibu kwamba vitabu vyake vya ufundi tayari vinauzwa kwenye mtandao. Vinauzwa, kwa yuro, kwa muda wa kuhesabiwa, kwa mwenye kadi ya benki. Dai linalofaa ni michoro ya nyaya, namba za siri za funguo kwa fundi aliyesajiliwa, na ruhusa ya kuhamisha kifaa kilichonunuliwa kihalali, kwa bei ambayo gereji ya Kongo inaweza kuilipa kutokana na mapato ya wiki.

Hata likitimizwa kesho, dai hilo limechelewa kwa kizazi kimoja. Volkswagen za zamani zilizobaki Nairobi zimekuwa vitu vya maonyesho. Huwa nawaona watu wakizipeleka kwenye mashindano ya magari yaliyotunzwa pale Uwanja wa Farasi wa Ngong Road, si mbali na Kibera, zikiwa zimepigwa msasa na rangi mpaka uvunguni, na tuzo huchukuliwa na mwenye gari. Waliozifanya ziwake wengi wamezeeka, na wanaowafuata wana simu zenye kusoma makosa na hawana sababu ya kuamka alfajiri kuseti valvu. Hakuna aliyewaandika. Chuo hakikuwaita kufundisha, kampuni haikuwauliza lolote, nasi tuliokuwa tukilipa tulihesabu bei tu na kulalamika.